Funda la Mwisho, Jengo la Tatu

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri,
na Zamoyoni, jina lake liko kifuani kwa herufi za dhahabu,
ananiuliza kwa upole aliofundishwa semina:
"Kahawa, kaka, au chai ya maziwa?"
Nikasema bia. Ya baridi.
Hakushtuka. Aliitupia jicho saa ya ukutani, basi,
kama mtu aliyemwona mtoto wa jirani
akipita na kuku asiye wake.

Elfu kumi na nne. Kwa bei hiyo mtaani kwetu
ungenunua ugomvi, mashahidi,
na nauli ya kwenda polisi.

Kule mlangoni nimevua viatu, nimevua mkanda,
nimenyang'anywa chupa ya maji aliyonifungia mke wangu.
"Kimiminika hakipiti," alisema askari.
Sasa nimekaa upande wa ndani
na kimiminika changu kinatoa povu, halali kabisa.

Jamaa wa meza ya pili, suti ya kijivu,
amekwisha maliza mbili. Tuliangaliana,
kisha kila mmoja akazama kwenye simu yake.
Ingekuwa jioni, tungekwisha kujuana hadi majina ya wakwe.

Dirishani, taa za njia ya ndege.
Nahesabu kuanzia ile iliyoinama:
ya tatu, ya nne. Hapo, au jirani na hapo,
palikuwa na kilabu cha mama yangu,
Kipawa, kabla uwanja haujajinyoosha miguu.

Mabenchi mawili, turubai, pipa la komoni
likipumua chini ya gunia kama mgonjwa anayepona.
Wateja walikuja jua likichomoza:
walinzi wa usiku, makoti mazito, rungu kwapani,
mzee Chilongani wa bohari la mbolea,
na Mwaipopo, aliyelinda nyumba moja ya Upanga
miaka kumi na tisa
bila kujua kuta za ndani zina rangi gani.
Walevi wa asubuhi, alisema mwalimu wetu,
akatufundisha kupita upande wa pili wa njia.
Mama alisema: hii ndiyo jioni yao, waacheni.
Nasi wanawe, tuliolipiwa ada kwa povu lile,
tulipita upande wa pili.

Simu. Ni yeye, kutoka Kinyamwezi
alikojenga kwa fidia, alikookokea.
"Umefika uwanjani? Umekunywa chai?"
"Nimekunywa, mama."
"Ya moto?"
Nikaitazama glasi inavyotoka jasho.
"Ya moto."
Kimya.
Mwanamke huyu alipima ulevi kwa masikio
miaka ishirini, kibatari kimezimika,
akijua nani akopeshwe na nani aambiwe kalale.
"Haya," akasema. "Kunywa taratibu."

Wanatangaza Songwe, lango la nne.
Jamaa wa suti anasimama, anakaa, anasimama tena.
Begini nina barua kumi na moja.
Kampuni imenunua kamera;
kamera hazisinzii, hazidai koti, hazifiwi.
Kila barua ina jina la mlinzi wa usiku
na mstari niliouandika mwenyewe, nikaufuta,
nikaurudisha: tunakushukuru kwa utumishi wako.
Nitawakuta wanatoka zamu,
macho mekundu, wakitafuta pa kukaa.

Zamoyoni anafuta meza kabla sijainuka.
Nimebakiza funda moja.
Ningelimwaga chini, kama walivyofanya wale wazee
kabla ya kugusa chao,
lakini hapa chini ni marumaru,
na mtu ametoka kupiga deki.